Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: Singer ya zamani iliyopuliziwa rangi ya gari

Wakuu, habari zenu. Naandika kutoka Lubumbashi, komini (wilaya ya mji) ya Katuba, na hasira niliyo nayo imenikosesha usingizi siku tatu. Mtanisamehe nikirefusha.

Ninakusanya vyerehani vya zamani, sisi huku tunaviita mashini ya kushona. Nataka hasa vile vya mkono, vya Singer, vyeusi na maua ya dhahabu. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Si biashara. Natafuta kilichotupwa nyuma ya nyumba, nakinunua, nakaa nacho jioni baada ya kazi, nakisafisha mpaka kishone tena. Nyumbani ninavyo tisa na sita vinashona. Mke wangu aliacha kulalamika siku aliposhona pazia la sebuleni kwa kimoja nilichokitoa shimoni kimejaa udongo.

Wiki iliyopita rafiki alinipigia: kuna Singer ya aina ya 28 katika kibanda kimoja komini ya Kenya, hapahapa mjini, fanya haraka. Kwa wasiojua, Singer 28 ni ile ndogo, haina bobini (kipande kinachokunjiwa uzi wa chini) ya duara kama mashini za siku hizi. Bobini yake ni ndefu na nyembamba kama kijiti, inaingia ndani ya naveti, kibebeo chake chenye ncha, umbo lake kama risasi, na hiyo naveti inakwenda mbele na nyuma chini ya sindano kama mtu anayesukuma mtumbwi. Pembeni ina kifaa cha kukunjia uzi chenye kipande cha chuma chenye umbo la moyo, kinachoongoza uzi ujipange sawasawa juu ya bobini. Ukikitazama kikizunguka, wewe mwenyewe utakaa kimya. Nilikuwa naitafuta 28 nzima kwa miaka minne.

Nikafika. Ilikuwa inang'aa mpaka inaumiza macho. Muuzaji akasema ni ya mwaka 1923, kila kipande ni chake cha tangu kiwandani, mwenye nayo wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kambi ya wafanyakazi. Akazungusha mkono wa mashini mara mbili tatu, akanionyesha kitambaa chenye mshono. Kibanda kilikuwa na giza, jua lilikuwa limeshazama, na mimi, kwa tamaa yangu ya miaka minne, sikupindua mashini kutazama chini yake. Tulianza dola 120, tukashuka mpaka 85. Nikatoa.

Nyumbani niliiweka juu ya meza chini ya taa. Kitu cha kwanza ilikuwa harufu. Mashini ya miaka mia inanukia mafuta yaliyozeeka na mbao. Hii ilinukia gereji. Nikachukua kucha, nikakwaruza pembeni chini, rangi ikatoka kipande kizima, laini, kama ganda la plastiki. Rangi ya gari. Wamepuliza rangi ya gari juu ya kila kitu!

Ule weusi wa kiwandani si rangi ya kupulizwa. Ni vanishi nzito iliyopakwa na kuokwa kwenye tanuru mpaka ikashikana na chuma, maua ya dhahabu yakabandikwa juu, kisha ikaja vanishi nyingine ya kuyalinda. Ndiyo maana inadumu miaka mia. Walichofanya hawa ni kusugua vyote hivyo kwa msasa, pengine hata kwa mashine ya kusagia, kisha kupuliza. Maua niliyoyaona kibandani ni stika. Chini ya taa kingo zake zina meno meno, kama picha iliyokuzwa kwenye simu. Njano, hakuna dhahabu yoyote.

Nikatia mafuta ili izunguke, mafuta hayaingii. Singer ina matundu madogo ya mafuta juu ya kichwa na mgongoni, kila tundu linapeleka tone mahali chuma kinaposuguana na chuma. Yote yamezibwa na rangi. Nilichukua sindano nikachokoa moja, ikatoka rangi iliyokauka, ndefu kama uzi. La pili vilevile. La tatu. Kwa hiyo mtu aliyeinunua ili ashonee angeizungusha kavukavu mpaka ndani ikajila yenyewe, na mafuta anayotia yangekuwa yanamwagika juu ya kitambaa chake. Walipuliza hata kwenye sehemu inayoteleza, ile inayobeba sindano. Ndiyo maana aliizungusha mara mbili tatu tu kibandani. Mara ya kumi ingekwama.

Nikaipindua. Kibeba naveti ni cha mashini nyingine, kimesuguliwa kwa tupa kikakubali kwa nguvu. Naveti yenyewe ina kovu la tupa upande mmoja, na uzi ukipita hapo unakatika. Pembeni, mahali kichwa kinapokaa kwenye bawaba za mbao, kulikuwa na ufa, nao wameuchomelea kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti. Chuma cha kalibu hakichomelewi hivyo! Ukikipiga moto wa ghafla bila kukipasha polepole na kukipoza polepole kinapasuka pembeni ya mshono. Na kimepasuka. Ufa ulikuwa mmoja, sasa ni miwili.

Lakini lililonichoma moyo ni namba. Kila Singer ina namba yake, imepigwa kwenye kitanda cha mashini upande wa kulia. Hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Herufi na namba zinakuambia kiwanda na kipindi. Zilizotoka kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, kilichomalizika kujengwa 1885 na kufungwa 1980, kati ya miaka ya mwanzo ya 1920 na 1935 zina herufi Y mbele. Baada ya hapo zikaja zenye herufi mbili zinazoanza na E. Hata ile K mwishoni mwa 28K, jina la 28 za huko, ni ya Kilbowie, jina la kiwanda hichohicho. Kwa hiyo 28 ya mwaka 1923 kutoka huko inapaswa kuwa na Y. Hii yangu mahali pa namba ni pasafi kama kiganja. Wamesaga. Mashini haina jina tena, na hakuna mtu duniani atakayelirudisha.

Nilirudi asubuhi yake. Nilimsalimia vizuri, nikamwambia papa, nirudishie pesa, uliniambia kila kitu ni chake. Akanijibu: «Papa, ile mashini iko inangaa. Ulitaka nikuuzishie ya kutu? Njo vile batu banapendaka.» Nikamuuliza namba iko wapi. Akasema namba ilikuwa inaharibu rangi, haikukaa sawa. Alisema hivyo bila aibu, mbele ya watu wawili. Pesa hakurudisha.

Na yeye si peke yake. Mwaka huu pekee nimeona mashini nne hapa mjini zilizofanyiwa hivyo. Moja ilikuwa Singer ya aina ya 99, inayotumia bobini ya duara iliyolala chini ya kisahani kinachoteleza, mashini imara kabisa, imepakwa rangi nyekundu. Nyekundu!

Nataka mnielewe kwa nini naumia. Mashini hizi hazikuja hapa kama mapambo. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na foyer sosiali (vituo vya akina mama) katika kambi zake, na humo mama zetu na bibi zetu walifundishwa kushona. Kampuni ikachukuliwa na serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, mishahara ikaja ikakauka, na ni mama wengi sana katika mji huu walioshika mashini wakalisha nyumba. Mama yangu mmoja wao. Ada yangu ya shule imetoka kwenye mashini ya mkono, sare baada ya sare, usiku, mshumaa pembeni kwa sababu umeme umekatika. Ile yake ninayo. Maua ya dhahabu upande wa mbele yamefutika mahali pamoja tu, pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa unapita ukisukuma kitambaa. Mtu akija na msasa akaniambia nikufanyie mpya, atakuwa ananiambia anifutie mkono wa mama.

Kusafisha mashini kunahitaji subira kuliko nguvu. Mashini iliyokwama mara nyingi haina ubovu wowote, ni mafuta mabaya. Watu wametia mawese, wametia mafuta ya kupikia, wametia mafuta ya injini, yamekauka yakawa gundi ya rangi ya asali. Unatia mafuta ya taa kidogo ndani ya matundu, ndani tu, usiguse weusi wa nje. Unaacha usiku. Kesho unazungusha taratibu, kidogo mbele, kidogo nyuma. Unarudia. Moja yangu ilichukua siku kumi na tisa. Ikilegea unatia mafuta meupe ya cherehani. Chini ya kisahani cha sindano utakuta nyuzi zilizogandamana miaka hamsini mpaka zimekuwa kama kipande cha blanketi, ving'oe kwa kibano. Nje unafuta kwa pamba yenye mafuta hayohayo ya cherehani. Pombe usitie kamwe, inayeyusha vanishi ya juu na dhahabu inaondoka na pamba. Sabuni za amonia vilevile. Na nyundo iache nyumbani kwako. Fundi anayeanza kwa nyundo mwondoe uani kwako.

Halafu kuna wale wa zebaki nyekundu, kitu wanachodai kimo ndani ya Singer za zamani na kina thamani kubwa. Kijana mmoja alikuja mpaka mlangoni kwangu kuniuliza kama ninazo Singer zenye zebaki nyekundu ndani ya sindano, akataka kuweka simu karibu aone kama mtandao utakatika. Wakuu, huo ni uongo ulioenea Saudi Arabia 2009, watu wakanunua cherehani bovu kwa maelfu ya dola, polisi wenyewe wakasema ni utapeli. Ndani ya Singer kuna chuma, mafuta na nyuzi. Tayari nimeona kichwa kimoja kimepasuliwa kwa sababu ya upuuzi huo.

Wauzaji wanaosoma hapa, nawaambia wazi: mashini chafu nitainunua. Yenye kutu nitainunua. Iliyofutika maua nitainunua, na nitalipa zaidi ya hizo mnazopuliza. Niachieni namba, niachieni weusi wake. Na wewe mnunuzi, usinunue jioni kama mimi. Nenda mchana, ipindue, papasa mahali pa namba kwa kidole, nusa, chomeka sindano kwenye tundu la mafuta uone kama inaingia. Zungusha mara hamsini. Akikukatalia kuzungusha, ondoka.

Hii yangu nimeanza kuivua rangi kwa kucha na kijiti cha mbao. Kwenye nguzo, nyuma ya nembo ya shaba ambako msasa haukufika, nimekuta kipande cha weusi wa kweli chenye upana wa kidole, na mstari mmoja wa dhahabu. Nimeacha hapo kwanza. Kibeba naveti na naveti ya 28 natafuta. Mwenye navyo, Lubumbashi, Likasi au Kipushi, aniandikie hapa chini, hata kama vina kutu. Tafadhali asivisugue kabla sijaviona.