Mshahara tunalipwa kwa mwezi, kwa nini kodi ya nyumba Dar tulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mwenye nyumba wangu hapa Tabata ametuma meseji kwamba mkataba ukiisha mwisho wa mwezi, kodi inapanda kutoka 150,000 hadi 200,000, na kuanzia sasa hapokei tena ya miezi sita, anataka ya mwaka mzima. Nikamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wangu, naomba unifikirie, hata hiyo ya miezi sita huwa naipata kwa tabu." Akaniambia kuna mtu yuko tayari na hela ya mwaka mkononi, kama siwezi nimwachie nyumba yake. Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Kuta zina fangasi, bomba la jikoni nimelitengeneza kwa hela yangu, na hakuna alichoongeza hata misumari.

200,000 mara 12 ni 2,400,000. Sasa tazameni mshahara. Wa msingi ni 750,000. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 75,000. PAYE 51,000. Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15, yaani 112,500. Kinachoingia benki ni 511,500. Hapo sijapanda daladala, sijala, sijamtumia mama chochote kijijini. Kodi ya mwaka anayoitaka huyu mzee ni karibu mishahara yangu mitano, tena mizima, bila kugusa hata mia.

Najua kuna watakaosema 750,000 si mshahara mdogo, na wana haki ya kusema. Kima cha chini serikalini ndiyo kwanza kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na huku sekta binafsi wengi wako chini ya hapo. Ndiyo maana naumia zaidi. Kama mimi nabanwa hivi, yule mlinzi wa getini kwetu anaishije? Dada anayeuza duka la mtu Kariakoo je? Jibu tunalijua: wanasukumwa Chanika, Mbagala ya ndani kabisa, Bunju huko, wanaamka saa kumi alfajiri na kurudi nyumbani watoto wameshalala. Na kila barabara ikipanuliwa kwa kodi zetu sote, wenye nyumba wa pembeni mwa barabara hiyo wanapandisha bei.

Kinachoniudhi kuliko vyote si bei. Laki mbili kwa mwezi ningejikaza. Ningepunguza huku na kule, kila mshahara ukiingia nalipa, tunaheshimiana. Kinachotuua ni huu utaratibu wa kulazimisha mtu anayelipwa kwa mwezi atoe hela ya miezi sita au ya mwaka siku moja. Hizo hela zinatoka wapi? Mwajiri hawezi kunilipa mshahara wa Juni nikiwa bado Januari. TANESCO hawaniambii ninunue umeme wa mwaka. DAWASA wanaleta bili kila mwezi. Ni nyumba tu ndiyo inataka nilipie siku ambazo sijazifanyia kazi bado.

Na hapa naomba wote mnielewe vizuri. Kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ni kodi ya mwenye jengo. Ndiye mwenye mali. Kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka tangu ilipopandishwa 2023, na inakatwa 1,500 kila mwezi mtu anaponunua umeme. Anayenunua umeme ni nani? Ni mimi. Angalieni risiti zenu za LUKU, imeandikwa humo. Sijawahi kuona mwenye nyumba anayemrudishia mpangaji hiyo hela, na ukiidai unaonekana mkorofi. Lakini hata hilo naliacha. Ninachouliza ni hiki: deni la mwenye nyumba la 18,000 limegawanywa mara 12 ili lilipike bila maumivu, na tena nalilipa mimi. La kwangu la 2,400,000 nililipe siku moja? Kwa hiyo inajulikana kabisa kwamba kulipa kidogo kidogo kila mwezi kunawezekana, mitambo ipo, namba za malipo zipo, simu kila mtu anayo. Haiwezekani kwa mpangaji tu?

Nije kwa madalali. Nimeanza kutafuta nyumba nyingine, na kila dalali anataka 10,000 au 20,000 ya kukupeleka kuona, ukiipenda usiipende hairudi. Wa mwisho alinipeleka Segerea. Kwenye picha ilikuwa chumba, sebule, jiko na choo ndani, "maji masaa 24, luku yako pekee". Tumefika, choo kipo ndani kweli, ila mlango ni pazia, na koki ukiifungua inatoa upepo. Maji ni ya ndoo, kisima kiko nyumba ya jirani. Mita ya LUKU iko ukutani nje, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anafua pale uani, "Mama, hii mita ya chumba hiki?" Akasema, "Mwanangu, hiyo ni yetu wote wanne, na yule wa mbele ana friza la kuuzia barafu." Nikamgeukia dalali, akawa anaongea na simu. 20,000 yangu ikaenda hivyo.

Na ukishapata nyumba, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mimi nalipa. Mwenye nyumba ndiye aliyempa kazi ya kutafuta mpangaji, mwenye nyumba ndiye anayemlinda, lakini anayelipa ni mimi. Dalali huyo huyo ndiye anayemwambia mzee wa watu, "Baba, mtaa huu sasa hivi ni laki mbili, mtoe huyo, nakuletea wa mwaka." Kwa nini asimwambie? Kila mpangaji akitolewa, yeye anaingiza kodi ya mwezi mwingine. Anakula kwenye kuhama kwetu.

Kwa hiyo watu wanaenda wapi kutafuta hiyo hela? Kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Mnaijua. Unachukua laki nane, kila wiki unapigiwa simu, ukichelewa siku mbili wanampigia bosi wako na shemeji yako. Wengine ni kikoba, unaomba mkopo wa kikundi, hela iliyotakiwa kuwa ya biashara ya mke wako au ada ya mtoto inakwenda kwa baba mwenye nyumba. Mwenzangu kazini amegawana nyumba na familia nyingine, wamekata sebule katikati kwa ubao wa plaiwudi. Watu wazima, na watoto, na kazi za kueleweka.

Wenye nyumba mliopo humu, nawasikia tayari. "Wapangaji wasumbufu, ukimwachia alipe kwa mwezi anakimbia usiku na deni." Ni kweli wapo. Na najua nyumba zenyewe mmejenga kwa kudunduliza miaka mingi, hakuna benki iliyowabeba. Lakini dawa yake si kumchukulia mtu mwaka mzima. Chukueni dhamana ya mwezi mmoja, mtu akikimbia mnabaki nayo. Nairobi watu wanapanga hivyo, dhamana ya mwezi na kodi kila mwezi, na wenye nyumba wao hawajafa njaa. Ukweli ni kwamba hela ya mwaka wengi wenu mnaitaka ili mmalizie nyumba nyingine Goba au Kigamboni. Yaani mimi ndiye benki yenu, nawakopesha bila riba, na mwisho wa mkopo mnanitoa.

Serikali nayo sitaiacha. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, na mpaka leo hakuna kitu cha maana kilichokaa mahali pake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta na mifereji mikuu, lakini nenda ukamwambie hivyo uone kama mkataba wako utaongezwa. Baraza la ardhi na nyumba lipo, sawa, ila nani anaacha kazi kwenda kufungua shauri wakati vitu vyake viko nje? Suala la kodi ya miezi sita limesemwa bungeni miaka nenda miaka rudi, wanasema linafanyiwa kazi. Wabunge wa Dar, wapangaji ndio wapiga kura wenu. Andikeni sheria yenye mistari michache tu: mwenye nyumba asidai zaidi ya mwezi mmoja wa dhamana na mwezi mmoja wa kodi, na dalali alipwe na aliyemtuma. Hakuna anayeomba nyumba ya bure.

Wapangaji wenzangu, naomba mwandike hapa chini mnaishi mtaa gani, mnalipa kiasi gani, na mmelazimishwa miezi mingapi. Msitaje majina ya wenye nyumba, watawafukuza. Nataka tuwe na kitu kilichoandikwa cha kumpelekea mbunge. Na kama kuna mwenye nyumba humu anayepokea miezi mitatu, kuanzia Segerea, Kinyerezi mpaka Kimara, chumba na sebule, mita ya peke yake, isizidi laki moja na nusu, anitumie ujumbe leo hii. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Madalali msinitafute.