Msaada: SUMO inaniambia Magomeni hakuna foleni

Fundi_Chipukizi

Wakuu, habari za leo.

Niko mwaka wa mwisho, uhandisi ujenzi. Mradi wangu ni kupanga upya muda wa taa kwenye makutano ya Morogoro Road na Kawawa, pale Magomeni, kwa msongamano wa asubuhi. Hela ya leseni ya Vissim, programu ya kuigiza mwendo wa magari kwenye kompyuta, sina, nikachukua SUMO inayofanya kazi hiyohiyo, ile ya bure ya Wajerumani wa DLR (kituo chao cha utafiti wa anga). Ramani nimeitoa OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni. Magari tumehesabu wenyewe, mimi na wenzangu wawili: tulikaa karibu na mataa kuanzia saa 12:30 asubuhi mpaka saa 3, tukiandika kila baada ya dakika 15.

Sasa nikiwasha simulesheni, foleni haitokei. Magari yanajipanga kidogo, kijani ikiwaka yanapita yote. Na asubuhi hiyohiyo tuliyohesabu, foleni ya kutoka Ubungo ilikuwa imeshavuka Mwembechai! Nikiongeza kijani upande huo matokeo ni mazuri, nikipunguza ni mazuri vilevile. Siwezi kumpelekea msimamizi wangu kitu kama hiki. Kosa ni langu, au nihamie programu nyingine? Natanguliza shukrani.

leni_ya_kushoto

Mkuu, usihame kwanza. Kuna mambo mawili yanayoficha foleni kwenye SUMO. La kwanza, gari likikwama sekunde 300 programu inalinyanyua na kulishusha mbele penye nafasi. Ndiyo maana ya zile onyo za "teleport". Weka time-to-teleport iwe -1, yaani uzime kunyanyua huko, halafu uone wapi panafunga.

La pili, gari likikosa nafasi ya kuingia kwenye ramani linasubiri nje, na kwenye skrini hulioni. Fungua tripinfo, faili la matokeo ya safari za magari, uangalie departDelay, yaani muda gari liliosubiri kuingia. Kama ramani umeikata mita 300 tu kutoka kwenye taa, foleni yako yote iko huko nje.

Mzee wa Roundabout

Kagua pia kama uliweka --lefthand (magari yaendeshwe kushoto) wakati wa kubadilisha ramani kuwa ya SUMO. Na barabara pacha kama Morogoro Road, yenye njia za mwendokasi katikati, mara nyingi huingia kama makutano madogo manne, kila moja na taa zake zisizojua za mwenzake. Tumia --junctions.join kuunganisha makutano na --tls.join kuunganisha taa, kisha rekebisha kwa mkono ndani ya netedit, kihariri cha ramani cha SUMO.

Fundi_Chipukizi

Asanteni sana. Lefthand niliweka. Teleport zilikuwa tatu tu, na departDelay ni karibu sifuri. Taa kweli zilikuwa vipande vipande, nimeziunganisha. Foleni bado.

DadaMizani

Mdogo wangu, rudi kwenye ile sentensi yako: mlikaa karibu na mataa. Kosa liko hapo, na nimeliona hata kwenye kazi za watu wazima wanaolipwa.

Foleni ikishakuwepo, anayehesabu kwenye mstari wa taa anahesabu magari yaliyofanikiwa kuvuka. Hahesabu yaliyotaka kuvuka. Wewe umeipa SUMO idadi ambayo makutano yaliweza kuipitisha, nayo imeipitisha. Ungehamia Vissim, Aimsun au Synchro, ungepata jibu hilohilo kwa bei kubwa zaidi.

Rudini tena, mapema kabla foleni haijaanza. Mmoja abaki kwenye mstari. Mwingine akae mbali, nyuma ya mkia wa foleni, ahesabu wanaofika, na awe tayari kusogea mkia unaporefuka. Kama watu hamtoshi, kila dakika 15 andikeni mkia umefika wapi na mkadirie magari yaliyoongezeka. Mfano: wamevuka 300, foleni imeongezeka 60, basi waliofika ni 360. Hiyo 360 ndiyo unayoipa programu.

Mkiwa hapo pimeni na kasi ya kuondoka. Kijani ikiwaka acheni magari manne ya kwanza, halafu kuanzia la tano pimeni sekunde kati ya gari na gari. Wastani ukiwa sekunde 2, leni moja inapitisha 1,800 kwa saa ya kijani tupu. Linganisha na wanaovuka ndani ya SUMO. Idadi zikipishana, rekebisha tau (sekunde ambazo dereva anaacha kati yake na gari la mbele) na minGap (nafasi kati ya magari yaliyosimama) mpaka zikaribiane. Usiache thamani za kiwandani, dereva wa kiwandani hajawahi kukwama nyuma ya daladala inayopakia hatua chache kabla ya taa.

Na bodaboda! Bila lateral-resolution, inayogawa leni katika vijia vyembamba (jaribu mita 0.8), bodaboda wa SUMO anapanga mstari nyuma ya lori kama gari dogo. Wa kwetu wanapenya wote mpaka mbele, na wao ndio wanaokula sekunde za kwanza za kijani.

Fundi_Chipukizi

Dada, Mungu akubariki. Tumerudi Jumanne na Jumatano, tukaweka mtu nyuma. Foleni imetokea, na mkia unafika karibu kabisa na pale tulipouona kwa macho.

Swali la mwisho. Nimetumia tlsCycleAdaptation, zana ya SUMO ya kukokotoa muda wa taa, kupata muda mpya, inanipa mzunguko (muda wa taa kupitia zamu zote) mrefu ajabu. Nifuate?

Mzee wa Roundabout

Usifuate. Ile inatumia kanuni ya Webster ya 1958: chukua sekunde zinazopotea kwenye mzunguko, zidisha kwa 1.5, ongeza 5, kisha gawa kwa 1 toa Y. Y ni jumla ya uwiano wa wanaofika kwa uwezo wa leni, kwa kila zamu ya taa. Ukipoteza sekunde 16 na Y ikawa 0.70, unapata sekunde 97. Y ikiwa 0.90 unapata 290. Ikipita 1 jibu ni hasi. Kanuni haikutungwa kwa makutano yaliyozidiwa.

Wewe funga mzunguko mwenyewe, mathalani sekunde 120, ugawe kijani kwa uwiano, kisha uangalie ni mkia upi unaoziba makutano ya nyuma. Huo ndio wa kuokoa kwanza, hata kama wastani wa ucheleweshaji utaongezeka kidogo.

DadaMizani

Nyongeza moja. Kama asubuhi hizo trafiki ndiye aliyekuwa akiita magari kwa mkono, hali yako ya sasa ya kulinganishia ni mkono wake, wala si programu iliyoko kwenye boksi la taa. Mpime kwa saa: kila upande anauachia dakika ngapi. Ingiza hizo zamu kwenye SUMO kama zilivyo, endesha mara kumi kwa seed tofauti (namba inayobadilisha bahati nasibu ya simulesheni), halafu ndipo uweke mpango wako pembeni yake.

Fundi_Chipukizi

Alikuwepo siku zote mbili, kuanzia saa 1 kasoro. Kesho alfajiri naenda na saa.