Tupeane uzoefu: marejeo yalikutesa vipi chuoni?

Leo steshenari moja hapa Moshi nimemkuta binti na tasnifu mkononi, machozi yanamlengalenga. Msimamizi kairudisha mara ya tatu, kisa marejeo, yaani namna alivyotaja vyanzo vyake. Nimekumbuka yangu. Karibuni.

MamaKaloleni: Mimi niliwataja watu ndani, mwishoni hawamo. Kumi na mmoja! Vitabu nilisharudisha maktaba. Andika chanzo siku ileile unayosoma, na namba ya ukurasa.

Sakina_Juu: Namba ya ukurasa. Hapo umenigusa.

MtuWaMifongo: Nilifanya utafiti wa mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, kule Kibosho. Mzee mmoja alinipokea siku nne mfululizo, akanitembeza toka banio, maji yanapochepushwa, mpaka vihambani kwenye mashamba ya watu, akanieleza zamu za maji, nani anafungua, anayeiba maji anatozwa nini. Sura ya nne karibu yote ni maneno yake. Mimi nikaandika "inasemekana", "wenyeji wanaeleza". Profesa aliyegusia mambo hayohayo ukurasa mmoja tu, nikamtaja mara saba. Nikafaulu, nikampelekea mzee nakala. Mjukuu akawa anamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mimi niko ukurasa gani?" Sikuwa na jibu. Chai alinipa vilevile. Nikipita njia ile roho inaniuma.

BabaWawili: Dah, pole mkuu. Ila kwa APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, mahojiano hayaingii kwenye orodha. Ni mawasiliano binafsi, unamtaja ndani tu, jina na tarehe.

Kalamu_Nyekundu: Usimpotoshe. Toleo la 7 linakataza kumtaja hivyo mshiriki wa utafiti wako mwenyewe. Maneno yake ni data, unampa namba au jina la bandia.

BabaWawili: Mzee wa watu umwite "Mshiriki namba 3"?

MtuWaMifongo: La bandia ni la anayetaka kufichwa. Kosa langu sikumuuliza.

Sakina_Juu: Tumieni Zotero jamani, programu ya kupangia marejeo, ni bure.

MamaKaloleni: Ukiilisha makosa inakutolea makosa. Daftari ndiyo mwalimu.

Ngaramtoni1: Na msiombe marejeo ChatGPT. Inaweza kukutungia makala na waandishi wasiokuwepo duniani. Mdogo wangu aliambiwa alete makala tatu alizozitaja, hata moja haikupatikana.

Kalamu_Nyekundu: @MtuWaMifongo, mzee bado yupo?

MtuWaMifongo: Yupo. Jumamosi napanda kumuuliza kuhusu jina.