Uchechemuzi wa afya: cheti cha chuo, kozi ya mtandaoni au nijitolee? Niko Mtwara

BintiChikongola
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Hela ya korosho imeingia na nimetenga laki sita nisiiguse. Nataka programu ya uchechemuzi, yaani utetezi wa afya, ya kusimama na wagonjwa na kudai huduma. Nalinganisha cheti cha afya ya jamii, kozi fupi ya mtandaoni, au kwenda kujitolea kwenye shirika. Naombeni ushauri hela haijapata njia nyingine.

NesiMasasi
Marahaba mdogo wangu. Mbona ya muhimu hujayasema? Umefika kidato cha ngapi? Biolojia na Kemia ulipata nini? Unatafuta ajira au unataka kutetea watu? Vyuo vya afya huanza na masomo hayo mawili, na laki sita haimalizi ada ya mwaka kwenye vyuo vingi vya binafsi. Bado hosteli na sare.

Mzee_Mikindani
Hilo neno uchechemuzi silipendi. Kwetu anayechechemea ana mguu mbovu. Semeni utetezi.

MwalimuNewala
Shikamoo mzee wangu. Kuchechemea na kuchechemua ni mambo mawili. Anayechechemua anawaamsha watu na kuwasukuma wenye mamlaka. Mashirika mengi yanaliandika hivyo siku hizi.

Mzee_Mikindani
Marahaba. Yaandike, mimi nitasema utetezi. Binti, laki sita yako itunze. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni 137,294 ndani ya miaka 5, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Kamuulize mtendaji wa mtaa wako kama nafasi zenu zimejaa. Mhudumu anaingia nyumba kwa nyumba, na utetezi huanzia mlangoni kwa mtu.

Tandahimba_Kwetu
Kozi ya mtandaoni iogope. Mwaka juzi niliona tangazo kwenye kundi la WhatsApp: cheti cha uchechemuzi wa afya, miezi mitatu, 380,000. Nikauza mbuzi wawili, nikalipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Wiki mbili za kwanza walituma masomo kweli, kurasa zilizopigwa picha kutoka kitabu cha watu. Mwezi wa pili kimya. Mwezi wa tatu kikaja cheti chenye muhuri mkubwa, jina langu limekosewa. Nilikipeleka sehemu tatu kuomba kazi. Ya tatu, mama mmoja akaniita pembeni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiki chuo uliwahi kukiangalia NACTVET?" Hakikuwepo kwenye orodha ya baraza hilo linalosajili vyuo. Niliona aibu kurudi nyumbani kumwambia mke wangu. Angalieni usajili kwanza, halafu ndiyo mlipe.

NesiMasasi
Pole sana kaka. Ila si kozi zote za mtandaoni ni utapeli, Shirika la Afya Duniani lina masomo ya bure. Shida ni lugha, mengi ni Kiingereza.

PwaniYaKilwa
Mimi nasema jitolee. Kamati ya zahanati ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi, gombea. Halafu soma Sera ya Afya ya 2007: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wote matibabu bure. Ukimsindikiza bibi mmoja hadi ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini akapata msamaha wake wa malipo, umeshatetea. Na cheti hakuna aliyekuuliza.

BintiChikongola
Asanteni. Nilimaliza kidato cha nne, Biolojia D, Kemia F. Ajira nikipata sawa, lakini kilichonisukuma ni mjomba wangu. Amekaa na busha miaka kumi na moja, analificha kwa kanzu, haendi msikitini wala harusini. Watu wanamwambia alikunywa madafu mengi ujanani.

NesiMasasi
Madafu hayahusiki mdogo wangu! Ni minyoo, inaenezwa na mbu. Matende na mabusha chanzo kimoja. Ndiyo maana zile dawa za kingatiba zinagawiwa hata kwa asiyeumwa. Na busha lina upasuaji, watu wanapona.

Mzee_Mikindani
Nesi, nakuheshimu, lakini marehemu baba yangu alikatazwa madafu na wazee wake na hakuwahi kuugua busha.

MwalimuNewala
Mzee wangu, sisi huku juu minazi hatuna kama nyinyi, na mabusha tunayo.

Mzee_Mikindani
Hilo nalo neno. Nitalifikiria.

Tandahimba_Kwetu
Kwetu dawa za kingatiba wengi wanazitupa. Wanasema zinaondoa nguvu za kiume.

NesiMasasi
Tunasikia kila mwaka, na inauma. Wanaozikimbia kwa sababu hiyo wanajiweka kwenye hatari ya busha lenyewe.

PwaniYaKilwa
Binti, mjomba ameshafanyiwa upasuaji au bado? Hilo hujatuambia.