Tupeane uzoefu: Siku uliyokula ua ukaanza kutema moto kwenye Mario

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimekaa foleni ya Ubungo karibu saa nzima. Dogo wa siti ya mbele yangu kwenye daladala anacheza gemu la Mario kwenye simu. Akala ua, Mario akageuka mweupe na mwekundu, halafu akamaliza levo yote bila kurusha moto hata mara moja. Anaruka tu kama sungura. Nilitamani nimnyang'anye simu, ila mama yake alikuwa pembeni.

Sisi ua tulikuwa tunalililia. Gemu lenyewe, Super Mario Bros., kampuni ya Nintendo waliitoa Japani tarehe 13 Septemba 1985, kazi ya kina Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Temeke ilitufikia zaidi ya miaka kumi baadaye, kwenye zile mashine za Kichina za kaseti ya njano iliyoandikwa 9999, ukiifungua gemu zenyewe hazifiki ishirini, zilizobaki zinajirudia. Utaratibu mnaujua: mfupi anakula uyoga anarefuka, na akishakuwa mrefu, sanduku ambalo lingempa uyoga linampa ua. Hapo kitufe cha B kinakuwa bunduki. Najua anarusha kwa mkono, lakini mtaani kwetu alikuwa "anatema" moto na siwezi kubadilisha leo.

Naanza na langu. Kama mwaka 1999 hivi, banda la gemu nyuma ya kinyozi, tivi ya chogo, mia moja laifu tatu. Nilikuwa na miaka kumi. Siku hiyo alikuwa anacheza jamaa mmoja mkubwa, mgeni. Nikamwona Mario MFUPI, narudia, mfupi, anatema moto. Mashahidi wengine walikuwa nje wanagombania miwa. Nilipowaambia walicheka mpaka jioni. Nikapewa jina la Fiksi, na mpaka leo nikienda msibani Temeke kuna watu wazima wenye vipara wananiita Fiksi mbele ya mke wangu.

Karibuni, mwageni yenu.

Binti wa Magomeni:
Kwetu tulikuwa watoto wanne, mimi wa mwisho na msichana peke yangu. Kwa hiyo mimi Luigi, yule wa kijani wa mchezaji wa pili. Kila siku Luigi. Kaka zangu walikuwa wanagombania umario kama urithi wa nyumba, mimi hata sikuulizwa.

Sasa kwenye lile gemu la kwanza, Luigi akila ua anakuwa na rangi zile zile za Mario mwenye ua. Kijani kinaondoka chote. Siku nilipogundua nikanyamaza kimya, nikawa nacheza zamu yangu nikiwa na moto, bibi akiingia sebuleni anasema "huyo kaka yenu anajua sana". Kaka mkubwa anajibu "bibi, huyo si mimi". Bibi haamini.

Kaka mkubwa ndiye aliyenifundisha kidole, nimpe haki yake. B ni ya kukimbia na B hiyo hiyo ni ya moto, kwa hiyo ukitaka kukimbia huku unaruka huku unatema, kidole gumba unakilaza: ncha inakaa kwenye B, kiungo kinagusa A. Unainua ncha kidogo, unabonyeza tena, moto unatoka bila mwendo kupungua. Mpaka sasa nikishika rimoti ya tivi nakilaza kidole hivyo hivyo, mume wangu ananishangaa.

Fundi wa Padi:
Mimi nilikuwa upande wa pili wenu, nilikuwa na banda Mbagala, mashine tatu. Mnajua nilivyoteseka na huo moto? Kila mtoto akila ua anakuja kulalamika: "Bro, padi yako mbovu, B inagoma, nirudishie mia." Nafungua padi, nasafisha raba kwa spiriti, nafunga. Kesho kelele zile zile. Nikanunua padi mpya Kariakoo, zile zenye vitufe viwili vya ziada ambavyo ukishikilia vinajipiga vyenyewe. Malalamiko yakaongezeka! Mtoto anashikilia kitufe, anategemea moto umwagike kama bomba la Dawasco enzi zile lilipopasuka, unatoka mara mbili, kimya.

Ikabidi usiku nikishafunga nikae mwenyewe nilichunguze. Kumbe gemu lenyewe linaruhusu matufe mawili tu kwenye kioo kwa wakati mmoja. La tatu halitoki mpaka moja lipotee, ama liguse adui, ama ligonge ukuta, ama litoke nje ya picha. Ndiyo maana ukisimama uwanja wazi unaona kitufe kizito, yale mawili bado yanadundadunda mbele huko. Sogea karibu na bomba la kijani ubonyeze: yanagonga yanakufa papo hapo, na wewe unatema mfululizo kama cherehani. Padi ilikuwa nzima siku zote.

Nikaandika kwenye boksi nikabandika ukutani: MOTO NI MIWILI. USIDAI HELA. Wateja wapya walidhani ni aya.

Kobe Mweusi:
Jina langu linajieleza. Mimi na binamu yangu wa Buguruni tulimaliza gemu lote Jumapili moja, binti mfalme kaokolewa, tukapiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja. Tukabonyeza kuanza upya kwa madaha, tukala ua, mbele anakuja adui tuliyemdhani ni kijiuyoga, yule adui wa mwanzo kabisa wa gemu. Natema. Moto unamgusa, haumfanyi kitu. Natema tena. Anakuja tu. Akanigusa, nikarudi mfupi kabisa, maana kwenye gemu hili ukiguswa ukiwa na ua hupewa hata heshima ya kubaki mrefu.

Tukasema mwenye banda kabadilisha kaseti. Ugomvi mkubwa, binamu alitaka kwenda kumwita baba yake. Ukweli ni kwamba ukimaliza gemu na kuanza tena, vile vijiuyoga vyote vinaondolewa na mahali pake wanawekwa wale kobe wenye gamba gumu jeusi, na wale hawaungui. Lazima uwakanyage, halafu gamba ulipige teke. Tulijua miaka mingi baadaye. Mwenye banda kama unasoma, samahani kwa yale maneno.

Sniper wa Tandika:
Mimi wa Contra, lile gemu la wanajeshi. Pale bunduki unaanza nayo mkononi, habari za kula maua sizielewi.

Kobe Mweusi:
Contra ukiguswa tu umekufa mkuu, kaa kwa kutulia.

Mzee wa Chogo:
Mnazungumzia moto bila kutaja joka, yule bosi (Bowser) anayekusubiri mwisho wa kila ngome? Watu wengi walikuwa wanamruka wanagusa shoka, daraja linakatika, joka linatumbukia, basi. Sisi tulikuwa tunatoroka chuo baada ya alasiri (ustadhi alishanijua, Mungu amrehemu, fimbo zake bado nazisikia) na kulikuwa na kaka mmoja anakula hela zetu kwa swali moja tu: "Ukimchoma joka badala ya kumtumbukiza, anakufa nani?"

Sisi tunajibu kwa kujiamini, anakufa joka. Anasema weka chapati. Tunaweka. Anakwenda ngome ya kwanza na ua lake, anatema matano yakampata, joka linageuka linaanguka na kumbe ni kile kijiuyoga cha mwanzo! Joka feki. Kila ngome ina feki wake: ya pili kobe wa kijani, ya tatu kobe mweusi, ya nne yule wa miiba, ya tano yule anayekaa kwenye wingu, ya sita pweza wa majini, ya saba mrusha nyundo. Ya nane peke yake ndiyo joka lenyewe.

Uzuri ni kwamba hili huwezi kulijua bila moto. Ukiwa mchezaji wa shoka tu unaweza kumaliza gemu mara mia na hujui ulikuwa unapigana na nani. Nami kufika ngome ya saba ua likiwa bado zima ilinichukua likizo mbili za Desemba. Chapati nilizopoteza kwa yule kaka ni nyingi kuliko nilizokula.

Shangazi Kigamboni:
Mimi nilikuwa napitia tu, gemu sijui. Ila mwanangu alikuwa anapiga kelele "ua ua ua!" na nikiingia chumbani siku zote nashindwa kujua anataka ua au anaamrisha kuua. Kumbe moto wa ua unaua na yale maua ya kwenye mabomba. Ua linaua ua. Nikamwacha.

Kijana wa 2001:
Wazee wangu, mimi nimeanzia Super Mario World ya 1990 kwenye kompyuta ya mjomba Sinza. Kule adui wengi ukiwachoma wanageuka sarafu, kwa hiyo nilikuwa natema kwa tamaa tu. Na ua limedumu hadi Super Mario Bros. Wonder ya 2023. Ila stori zenu za mia moja zinanipa wivu.

Mpiga Kaseti:
Mleta uzi, wewe siyo muongo. Huyo Mario mfupi anayetema moto nimemwona kwa macho yangu, Mwananyamala, na nimemtengeneza mwenyewe.

Unafika kwa joka ukiwa mrefu. Unamruka, halafu unashuka kwa hesabu ili joka likuguse na wewe uguse shoka wakati mmoja. Gemu linachanganyikiwa: linakuhesabu mfupi wakati umbo bado refu. Levo inayofuata ukila uyoga, badala ya kurefuka unafupika. Kula ua sasa: mfupi, mweupe na mwekundu, anatema. Na kila anapotema anarefuka ghafla kidogo tu halafu anarudi. Uliliona hilo la kurefuka?

Mleta uzi:
NILILIONA. Mkuu hilo la kurefuka ndilo walilonichekea zaidi, nililiigiza kwa mwili mzima pale nje kwa kinyozi. Asante sana. Nimesoma mara tatu.

Nimerudi baada ya siku nne. Jumamosi nilikwenda Kariakoo, mashine bado zipo, kaseti bado ya njano, bado imeandikwa 9999. Shida ni hiyo hesabu ya kushuka. Ama nawahi shoka, ama joka linanisukuma nakufa kwenye lava. Binti yangu wa miaka saba amekaa pembeni yangu muda huu, ameniuliza, "Baba, mbona unajigongesha makusudi?"

Nimemwambia anishikie chai. Hii ni mara ya kumi na mbili.