MREJESHO: ile nyumba ya zamani ya Lubumbashi, alama ya mlangoni imejulikana

Bandugu, mwezi uliopita niliuliza nani alijenga hii nyumba tunayopanga, ya matofali na veranda kubwa, yenye alama ya kuinama kwenye mti wa mlango, upande wa kuume ukiingia, na matundu mawili ya misumari. Asanteni sana mulionijibu.

Sasa nimepata. Mzee mmoja wa avenu yetu, miaka 80 na kitu, utotoni alikuwa anacheza na watoto wa humu, anasema walikuwa Bayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kule Ugiriki ya leo, nyumbani wanaongea Ladino, Kihispania cha zamani. Na ile alama njo mahali pa mezuza, kale kakasha ka maandiko matakatifu wanakopigilia mlangoni! Nilienda nikashika ule mti, machozi yakanitoka kweli.

Baba yao alipanda treni kutoka kusini, maana reli ilifika hapa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, 1910, na Rhodes Italia iliichukua 1912, vijana wengi wakatoka kutafuta maisha, yeye akaanza na kaduka ka vitambaa. Wayahudi waliobaki kule, Wajerumani waliwakamata Julai 1944 wakawapeleka Auschwitz, kambi ya mauaji, wengi sana hawakurudi. Hilo mzee alilisema polepole, halafu akanyamaza.

Nyumba iliwatoka wakati wa zairianizasio, serikali ya Mobutu ilipochukua mali za wageni, 1973.

Mwenye nyumba alitaka kubadilisha milango, nimemuomba sana ule mti aache, amekubali. Mzee ana picha moja ya veranda, akinipa nitaileta hapa.