Mrejesho: maumivu baada ya kung'olewa gego la mwisho

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza nifanyeje baada ya kung'olewa gego la mwisho la chini, taya limevimba na parasetamoli peke yake haifui dafu. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilifuata ushauri wa kutumia ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula pamoja na parasetamoli gramu 1 (isizidi gramu 4 kwa saa 24). Hiyo ndiyo iliyoniwezesha kulala. Mwenye vidonda vya tumbo asiguse ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi nilianza baada ya saa 24, nayazungusha polepole bila kusukutua kwa nguvu.

Lakini siku ya tatu maumivu yalirudi makali kuliko mwanzo, yanapanda hadi sikioni, na mdomo ukawa na ladha mbaya. Karafuu mliyonishauri ilitia ganzi kidogo tu. Nikarudi kliniki, kumbe donge la damu linaloziba shimo la jino lilikuwa limetoka, mfupa uko wazi. Daktari akaosha shimo, akalijaza dawa yenye harufu kali ya karafuu, na kabla ya jioni nilikuwa nimetulia. Baadaye aliibadilisha tena.

Sasa fizi inajifunga, ingawa upande ule bado nautumia kwa vyakula laini tu. Ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usiendelee kumeza vidonge nyumbani, rudi kwa aliyekung'oa. Mungu awabariki.